Ujumbe Uliopita Vipimo Vyote

Kazi yangu ya kwanza ya mshahara niliifanya mjini Lindi, kwenye chumba kimoja kilichokuwa juu ya duka la vitambaa la familia ya Kihindi. Ili upande kwetu ilibidi upite kwanza katikati ya majora ya vitambaa, umwamkie mama mwenye duka, ndipo uzifikie ngazi. Tulikuwa watu watatu. Bosi alitafuta kazi na kuzungumza na wateja. Kijana mmoja aliyekulia Somanga, ambako mama yake anauza vyakula kwa abiria wa mabasi, ndiye aliyeandika programu za kompyuta. Mimi nilizipima kabla hazijafika kwa watu.

Sikuajiriwa kupima. Nilitoka chuo Dar es Salaam nikijua kuandika programu, na barua yangu ya ajira ilisema hivyo. Lakini wiki ya pili bosi aliniomba niitazame kazi ya mwenzangu kwa sababu mteja alikuwa anakuja kesho yake, na ilipofika saa tisa alasiri nilikuwa nimejaza kurasa mbili za makosa. Bosi alizisoma akiwa amesimama.

"Wewe kaa huko huko," akaniambia.

Mwenzangu hakuniaga siku hiyo alipoondoka.

Nilipokwenda nyumbani Mitole, mama alitaka kujua kazi yenyewe ni ipi hasa. Nilimweleza kadiri nilivyoweza, tukiwa tumekaa tunapepeta ufuta.

"Yaani mtu anatengeneza kitu chake, wewe unakwenda kukiharibu?"

"Natazama kama kitaharibika, mama. Kikiharibika kwangu ni afadhali kuliko kuharibikia kwa watu."

"Na kikiharibika?"

"Namrudishia akitengeneze."

"Hamgombani?"

"Tunagombana kila siku."

Akacheka, akasema kazi hiyo inanifaa, maana tangu mdogo nilikuwa siwezi kula wali bila kuuchambua.

Mwaka wa pili tulipata kazi ya zahanati. Kulikuwa na mradi uliotaka mfumo wa kuandikisha watoto wachanga na kuwatumia mama zao ujumbe wa simu, kuwakumbusha siku ya chanjo. Muuguzi angeandikisha mtoto kwenye kishikwambi badala ya kutegemea daftari peke yake, na kuanzia hapo kompyuta ingehesabu tarehe: wiki sita, wiki kumi, wiki kumi na nne, miezi tisa, na kuendelea. Siku moja kabla ya kila tarehe mama angepata ujumbe. Tulianza na zahanati moja ya kijiji cha bara, wilayani Kilwa. Sitaitaja, kwa sababu yaliyotokea pale yalikuwa makosa yetu, siyo yao.

Upimaji una ngazi zake, nami nilizifuata kama nilivyofundishwa. Ya kwanza unachukua kipande kimoja cha programu na kukipima peke yake, kabla hakijaunganishwa na chochote. Kipande nilichoanza nacho kilikuwa kile cha kuhesabu tarehe. Unakipa siku aliyozaliwa mtoto, chenyewe kinakurudishia siku za chanjo. Nilikipa watoto waliozaliwa mwisho wa Februari, waliozaliwa kesho, na mmoja aliyezaliwa miaka mia moja iliyopita. Huyu wa miaka mia moja kilimpangia aende kupata matone ya polio.

Mwenzangu alicheka mpaka akafuta machozi. "Nani atambeba bibi kizee mgongoni ampeleke kliniki ya watoto?"

"Hakuna. Lakini nesi akikosea kuandika mwaka, mtoto mzima atakosa chanjo na hakuna atakayejua."

Alikirekebisha. Siku hizo tulikuwa tumeanza kuelewana. Alikuwa ameacha kununa, na mimi nilikuwa nimejifunza kumweleza kosa bila kuanza na neno "umekosea".

Ngazi ya pili unaunganisha vipande na kutazama kama vinasikilizana. Kipande cha kuandikisha kilifanya kazi yake vizuri. Kipande cha kutuma ujumbe nacho kilifanya kazi vizuri. Nilipoviunganisha, hakuna ujumbe hata mmoja uliotoka. Tulitafuta tangu asubuhi hadi adhuhuri. Kumbe cha kwanza kiliichukulia namba ya simu kama hesabu ya kawaida, kikaona sifuri ya mwanzo haina maana, kikaitupa. Cha pili kilikuwa kinaisubiri sifuri hiyo. Kila kimoja kilikuwa sahihi kwa upande wake.

Ngazi ya tatu ni mfumo mzima, kuanzia mtu anapoandikishwa hadi simu inapolia. Kwa kipimo hiki nilimwandikisha mama yangu kuwa ana mtoto wa wiki sita. Yeye yuko Mitole, ana simu ndogo ya tochi, na mtandao wa kwao unakuja na kuondoka. Nilisema simu ile ikipokea, zote zitapokea. Ikapokea. Baada ya dakika chache akanipigia.

"Ujumbe umekuja. Lakini unasema nifike saa nane. Saa nane si kliniki itakuwa imeshafungwa?"

Kompyuta ilikuwa imeandika saa nane kwa hesabu yake yenyewe, ikimaanisha saa mbili asubuhi. Sisi wawili ofisini, wote Waswahili, tulikuwa tumeusoma ujumbe ule mara nyingi bila kushtuka, kwa sababu tulikuwa tunautazama kwa macho ya kompyuta. Nililiandika kosa hilo kwenye orodha yangu na kumshukuru mama.

Maneno ya jumbe niliyaandika mimi. Bosi alisema Kiswahili changu kimetulia kuliko cha wote. Ujumbe wa kawaida ulikuwa mfupi. Ule wa mama asiyekuja nilikaa nao zaidi, kwa sababu nilitaka uwe na nguvu. Ulisema hivi: "Mama, hujamleta mtoto wako kliniki. Tafadhali mlete mapema. Afya yake iko mikononi mwako." Ulipangwa utumwe kila baada ya siku tatu hadi mtoto aletwe. Niliupima kwa uangalifu sana. Niliandikisha mtoto wa kubuni, nikambonyezea kwamba hajaja, nikasubiri. Siku ya tatu ujumbe ukaingia kwenye simu yangu. Siku ya sita ukaingia tena. Nikaweka alama ya kupita na nakumbuka nilifurahi.

Ngazi ya nne na ya mwisho ni ya wenyewe watakaoutumia. Hapo kompyuta haina sauti. Unawapelekea, wanautumia, halafu wanasema wanaukubali au hawaukubali.

Nilikwenda na kishikwambi kwenye begi. Nilishuka basi Nangurukuru, nikapanda bodaboda. Muuguzi wa pale alikuwa mama mtu mzima aliyebakiza miaka michache astaafu, mwenye sauti ya chini na mikono isiyotulia.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Wewe ndiye mwenye hicho kidude? Karibu, ila nina watu."

Watu walikuwa wengi kweli. Benchi lilikuwa limejaa kina mama hadi ukutani, na wengine walikaa chini na kanga zao. Nilimfundisha muuguzi kati ya mtoto mmoja na mwingine. Alijifunza haraka kuliko nilivyotarajia. Nilikuwa na fomu yenye maswali kumi na mawili: unaweza kumwandikisha mtoto, unaweza kuona waliokuja, unaweza kuona wasiokuja. Kila nilipomsomea swali alijibu "ndiyo" huku anachoma sindano. Mwishoni aliiweka fomu juu ya goti, akasaini, akamwita mwingine. Nilirudi Lindi nikiwa nimeridhika. Tulikubaliana mfumo uachwe utumike kama wiki saba, kisha nirudi kukusanya maoni, niandike ripoti ya mwisho, na mradi upokee kazi.

Niliporudi safari ya pili nilikaa kwenye kiti pembeni ya meza ya muuguzi na daftari langu. Mambo yalikuwa yanaenda. Kina mama wawili waliniambia ujumbe umewasaidia, mmoja wao alikuwa amesahau kabisa tarehe. Niliandika yote.

Mwanamke mmoja alikuwa amekaa mwisho wa benchi. Niligundua kwamba hakuwa na mtoto pale foleni ilipomfikia akawaachia wengine wapite. Alisubiri hadi benchi likabaki na watu watatu, ndipo akaja. Alikuwa wa umri wangu, labda mdogo kidogo. Alimwamkia muuguzi, akatoa simu kwenye pindo la kanga na kuiweka mezani.

"Nimekuja kuomba mnisaidie kuzuia hizi meseji," akasema. "Zinakuja tu."

Muuguzi aliacha alichokuwa anafanya. Akaniinamia, akasema kwa sauti ndogo, "Huyu mtoto wake alifariki. Ilikuwa homa. Alikuwa hajafika wiki kumi."

Nilimtazama muuguzi. Naye, bila kuulizwa, alifungua daftari lake la siku zote na kunionyesha. Jina la mtoto lilikuwepo, na mbele yake kwa wino mwekundu ameandika neno moja na tarehe.

"Hapa niliandika," alisema. "Kwenye kidude chako nilitafuta pa kuandika, sikupaona. Ilikuwa inaniuliza tu amekuja au hajaja. Nikabonyeza hajaja, maana kweli hajaja."

Nikaichukua simu. Jumbe zilikuwa nane, zimefuatana. Ya kwanza ilikuwa ile fupi ya kukumbusha wiki kumi. Saba zilizobaki zilikuwa zangu, neno kwa neno, kila moja ikimalizika kwa mstari ule wa mikononi mwako.

"Ya kwanza nilidhani imekosea njia," alisema yule mwanamke. Aliongea bila kupandisha sauti, kama mtu anayeeleza ugonjwa. "Mimi kusoma siyo sana, simu ikilia nampelekea wifi yangu anisomee. Ya pili akasoma. Ya tatu akasoma. Ya nne alipoifungua akanirudishia simu, akasema hii hasomi, ni zile zile. Sasa kila ikilia, nyumba nzima inanyamaza."

Niliirudisha simu mezani.

"Wanaotuma ni kina nani?" akaniuliza.

"Inatuma kompyuta," nilimjibu. Kisha nikaona jibu hilo halitoshi. "Lakini maneno niliyaandika mimi. Naomba unisamehe, dada. Na pole sana kwa mtoto."

Alinitazama kwa mara ya kwanza tangu afike.

"Kumbe kuna mtu," akasema. "Mume wangu aliipigia ile namba mara mbili, haipokelewi. Tukasema basi, ni mashine."

Nilitoka nje nikampigia mwenzangu Lindi. Nilimweleza yote. Halafu nikasikia anabonyeza kompyuta. "Nimemtoa," akasema. "Nimemtoa kabisa, hayumo tena kwenye orodha." Nilirudi ndani na kumwambia yule mwanamke kwamba imekwisha, haitakuja tena. Akashukuru, akaifunga simu kwenye pindo la kanga, akaondoka.

Nililala kwenye nyumba ya muuguzi, ambayo iko nyuma ya zahanati. Asubuhi, kabla hatujafungua mlango wa kliniki, alikuja mwanamke mwingine, mrefu, akitembea kwa haraka. Hakutuamkia.

"Nani kati yenu aliyesema jana kwamba imekwisha?"

"Ni mimi," nikasema.

Akanipa simu. Ujumbe ulikuwa umeingia saa moja ya asubuhi ile ile. Mama, hujamleta mtoto wako kliniki.

"Mimi ndiye wifi yake," alisema. "Jana alirudi ametulia. Alikula. Leo tumekunywa chai, kitu kimelia. Mimi nilijua ni nini kabla sijaishika. Sasa kama hamuwezi kuzuia, semeni tuitupe hii laini. Msimwambie mtu imekwisha na haijaisha."

Muuguzi alijaribu kumtuliza. Nilimwambia amwache aseme. Alisema yote aliyokuja nayo, kisha akakaa kwenye benchi, akajishika kichwa.

Nilimpigia tena mwenzangu. Tulichukua karibu nusu saa kuelewa, kila mmoja na kompyuta yake, yeye Lindi na mimi kwenye meza ya muuguzi. Alikuwa amemtoa kwenye orodha ya watoto, hilo lilikuwa kweli. Lakini jumbe za kila siku zilikuwa zinakabidhiwa kipande cha kutuma tangu adhuhuri ya siku iliyotangulia, zikisubiri asubuhi. Ukimfuta mtu jioni, ujumbe wake umeshaondoka upande wa kwanza na haujulikani tena upande wa pili. Tulikuwa tumevipima vipande hivyo viwili pamoja kwa kutazama kama ujumbe unafika. Hatukupima hata mara moja kama unaweza kuitwa urudi.

"Nifute foleni yote?" mwenzangu akauliza. "Nikifanya hivyo hakuna mama atakayepata ujumbe leo wala kesho."

"Futa yote. Na uzime utumaji mpaka tutakapoelewana."

Akafuta. Safari hii sikumwambia wifi kwamba imekwisha. Nilimweleza kilichotokea jana na tulichofanya leo, nikamwomba anipeleke nyumbani kwao.

Tulikwenda kwa miguu, mwendo wa kama robo saa. Yule mwanamke alikuwa uani anachambua kunde. Alinikaribisha kwenye mkeka kama mgeni yeyote na akataka kwenda kuchemsha chai, nikamzuia. Nilimweleza nilichomweleza wifi yake. Nilisema pia kwamba jana nilimwahidi kitu ambacho sikuwa nimekihakikisha.

"Nimesikia," akasema. Aliendelea kuchambua kunde. Nami nikaanza kumsaidia kwa sababu sikuwa na pa kuweka mikono.

Akatupa punje mbovu pembeni, akasema, "Ule mstari wa mwisho."

"Upi?"

"Wa mikononi mwako. Uuondoe. Hata kwa wale ambao watoto wao wapo, uuondoe. Kuna asiyekuja kwa sababu mto umejaa. Kuna asiyekuja anauguza mama yake. Wewe hujui kwa nini hakuja, halafu unamwambia hivyo?"

"Nitauondoa," nilisema.

"Mimi nilimpeleka," akasema. "Siku ile ile homa ilipopanda tulimpeleka. Tukapewa gari la kwenda hospitali, hakufika."

Wifi aliyekuwa amesimama mlangoni alikuja akakaa karibu yake. Tulimaliza kunde zote, nikaaga.

Lindi nilimkuta bosi ameweka mezani ile fomu yenye "ndiyo" kumi na mbili. Hakuwa mtu mbaya, nataka nilieleze hili vizuri. Alisikitika kweli. Lakini mradi ulikuwa unapokea mfumo Jumatatu, na baada ya hapo zahanati nyingine zingeanza kuutumia.

"Fomu imesainiwa," alisema. "Tukabidhi, halafu turekebishe taratibu. Kosa limetokea kwa mtu mmoja."

"Limetokea kwa mmoja kwa sababu tuna zahanati moja."

"Muuguzi mwenyewe alisema anaukubali."

"Alisema ndiyo kwa maswali niliyomuuliza. Hakuna swali lililomuuliza mtoto akifa utafanya nini. Mimi sikulifikiria. Ripoti siisaini."

Bosi akamgeukia mwenzangu, akitegemea msaada. Mwenzangu alikuwa ameegemeza viwiko kwenye meza yake na hajagusa chakula chake cha mchana.

"Na mimi siikabidhi," akasema.

Bosi alikaa. Alichukua simu, akampigia mtu wa mradi mbele yetu. Hakuzunguka. Alisema mfumo una kasoro iliyomuumiza mtu, tumeuzima, na tunaomba wiki tatu. Tulisikia sauti ya upande wa pili ikipanda. Bosi alijibu "naelewa" mara nyingi. Wiki tatu tulipewa, lakini kazi iliyofuata ya watu wale walipewa wengine, na bosi hakuwahi kunilaumu kwa hilo, ingawa nilijua analikumbuka.

Tulianza upya kutoka chini. Mwenzangu aliandika kipande cha kusitisha ujumbe, nikakipima peke yake. Kisha nikakipima pamoja na kile cha kutuma, na safari hii nilisitisha asubuhi, nikasitisha jioni, nikasitisha dakika moja kabla ujumbe haujatoka. Mara tatu ulitoka. Mara tatu nikamrudishia. Hakulalamika hata mara moja.

Kulikuwa na swali la neno la kuandika kwenye kitufe cha kusitisha, ambacho muuguzi angekibonyeza. Nilimpigia muuguzi kumuuliza.

"Usiandike neno lile la wino mwekundu," alisema. "Mama anakaa ubavuni mwangu, kioo anakiona. Hata kama ni mama wa mtoto mwingine. Wewe andika 'usitume tena'. Sababu mimi ninayo kwenye daftari langu."

Tukaandika "Usitume tena". Maneno ya jumbe niliyapunguza. Ujumbe wa mama asiyekuja ulibaki na sehemu mbili: kwamba kliniki ipo siku fulani, na kwamba kama kuna tatizo lolote ampigie muuguzi kwa namba ya kliniki. Ungekuja mara mbili tu. Baada ya hapo jina lingeenda kwa muuguzi, siyo kwa mama.

Nilirudi kijijini kwa safari ya tatu bila fomu. Nilimwomba muuguzi atumie mfumo kama anavyotaka, siku ambayo siyo ya kliniki, na aniambie kila kinachomkera. Alikuwa amejiandaa. Nyuma ya karatasi ya kalenda ya zamani alikuwa ameandika orodha yake mwenyewe, kwa wino ule ule mwekundu. Alivaa miwani. Akanitaka nikae kimya nisimwelekeze.

Aliandikisha mtoto aliyehamia kutoka Kikole mwenye kadi iliyolowa maji, tarehe hazisomeki. Aliandikisha mtoto anayelelewa na bibi. Kisha akaandikisha mapacha kwa namba moja ya simu. Akachagua mmoja wao, akabonyeza kitufe kipya. Akatazama orodha. Akavua miwani.

"Njoo uone."

Majina yote mawili yalikuwa yamesitishwa. Tulikuwa tumekifunga kitufe kwenye namba ya simu badala ya kwenye mtoto.

"Mmoja akiondoka, huyu aliyebaki ndiyo mnamsahau?" akaniuliza. "Na nyumba yenye wake wawili na simu moja je?"

Nilikuwa nimevuka ngazi tatu za vipimo kwa wiki mbili na jambo hilo halikunijia.

"Sisaini," akasema, akanirudishia kishikwambi. "Nendeni mkakitengeneze. Njoo Alhamisi, ndiyo siku ya kliniki, nitakuwa na mapacha wa kweli."

Nilipanda bodaboda kurudi barabara kuu. Nilimpigia mwenzangu nikiwa nasubiri basi, nikamsomea makosa, na akaanza kuyarekebisha kabla sijafika Lindi. Jumatano yote tulipima mapacha, mapacha watatu, wake wenza, na watoto wanne wa namba moja.

Alhamisi benchi lilikuwa limejaa kama kawaida. Muuguzi alimwandikisha mama wa mapacha wa kiume, akanikonyeza nisogee. Alijaribu kitufe, akatazama, akakirudisha kama kilivyokuwa, akatazama tena. Mtoto mmoja tu ndiye aliyeguswa. Alichomoa kalamu mfukoni mwa gauni lake jeupe, akaniomba karatasi, akaandika mwenyewe kwa mkono kile alichokijaribu na kile alichokiona, mistari saba au minane, akasaini chini.

Halafu akaniambia nisisimame tu pale kama mgeni, nimshikie mtoto mmoja wakati anamvua mwenzake nguo apimwe uzito.